Rangi ya Mwaka Imebadilika Kabla Ukuta Haujakauka

Rangi ya mwaka 2025, kwa mujibu wa kampuni ya Pantone, ilikuwa Mocha Mousse, kahawia laini yenye joto. Majarida na kurasa za mapambo zikaitikia kwa sauti moja: makochi ya kahawia, mapazia ya kahawia, kuta za kahawia mpaka darini. Desemba ikafika, kampuni ikataja rangi ya 2026. Cloud Dancer. Nyeupe. Mtu aliyeazima ngazi ya jirani ili apake sebule yake kahawia alikuwa hajairudisha, na tayari anaambiwa amepitwa na wakati.

Silisemi hili kuicheka Pantone. Kazi yake ni kuuza lugha ya rangi kwa wachapaji, watengeneza nguo na viwanda vya plastiki, na tangu ilipoanza desturi hiyo kwa rangi ya mwaka 2000 haijamshika mtu mkono kupaka nyumba. Kasoro iko kwetu tunaofuatilia. Nguo huvaliwa msimu mmoja ikatundikwa kabatini. Ukuta, jiko na kabati la kujengewa hukaa na mtu hadi watoto wakawa watu wazima. Tukizipokea habari za nyumba kama tunavyopokea habari za mavazi, tunachukua sura ya kitu na kuacha sababu yake. Na karibu kila mtindo wa nyumba unaovuma leo ulizaliwa kujibu swali: la ugonjwa, la nafasi finyu, la unyevu, la namna ya kusafirisha mzigo. Jibu likinakiliwa bila swali lake, nyumbani inaingia picha tu.

Chukua huo weupe wenyewe. Kuta tupu, samani zisizo na nakshi, madirisha mapana: tunaviita vya kisasa kana kwamba vimezaliwa juzi. Adolf Loos, msanifu wa Vienna, alikuwa akizihubiria vita nakshi tangu miaka ya 1910 hivi, na msanifu mwenzake Le Corbusier akaandika mwaka 1923 kwamba nyumba ni mashine ya kuishi. Maneno makali hayo, lakini nyuma yake lilikuwepo jambo la kawaida kabisa, nalo ni vumbi. Robert Koch alimtambulisha bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Streptomisini, dawa ya kwanza iliyomweza, ikapatikana mwaka 1943. Kwa miaka sitini katikati hapo watu walimjua adui na hawakuwa na risasi. Walichokuwa nacho ni jua, hewa na usafi. Pazia la mahameli, zulia zito, kiti chenye nakshi za kuchongwa, vyote vikaanza kutazamwa kama maficho. Ukuta mweupe haufichi doa, na doa likionekana hufutwa. Weupe ulikuwa kifaa cha ukaguzi.

Sasa angalia chumba cheupe kinachosifiwa leo. Katikati pana kochi jeupe la mviringo lililovikwa bukle, kile kitambaa cha vifundovifundo kinachofanana na manyoya ya kondoo. Ukiligusa, raha. Ila kila kifundo kinahifadhi vumbi, na doa likiingia halifutiki kwa kitambaa chenye maji. Rangi iliyochaguliwa ili vumbi likose pa kujificha imefumwa ikawa maficho. Mwenye watoto wawili na mbwa mmoja analijua hilo kabla ya mwezi kwisha. Aliyepiga picha ya chumba hahitaji kulijua kamwe.

Na kahawia? Mwaka 2020 kundi la makumbusho ya sayansi la Uingereza, Science Museum Group, lilitoa uchambuzi wa rangi uliofanywa kwa picha zaidi ya 7,000 za vitu vyake, vikiwemo vyombo vya nyumbani vya karne mbili. Kadiri miaka ilivyosogea, kijivu kilipanda, kahawia na manjano vikashuka. Maelezo ya karibu ni kwamba mbao zilikuwa zikiziachia nafasi plastiki na chuma. Kwa hiyo kahawia ya mwaka 2025 siioni kama ubashiri wa mtu yeyote. Naiona kama hamu ya mbao. Na sehemu kubwa ya hamu hiyo inatulizwa na karatasi iliyochapwa picha ya mti, ikabandikwa juu ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi.

Hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu fanicha ya kufunga mwenyewe hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Watu husema ubovu umeletwa na kuuza vitu vikiwa vipandevipande. Sivyo. Mwaka 1859 Michael Thonet, seremala mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na karakana zake himaya ya Austria, alitoa kiti chake namba 14: vipande sita vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi, nati mbili. Viti 36 vikiwa vimefunguliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Kufikia mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa karibu milioni 50. Ukiona mkahawa wowote wenye viti vyembamba vyenye mgongo wa duara, hao ni watoto au wajukuu wake. Swali la Thonet lilikuwa la meli na behewa: nifikishe vipi kiti mbali bila kusafirisha hewa? Alilijibu kwa mbao nzima, hivyo kiti kikilegea unakaza skrubu, na kipande kikivunjika unabadilisha hicho kimoja.

Ubao wa chembechembe umerithi sanduku la Thonet ukaacha mbao. Skrubu iliyotoka mara moja ikirudishwa haishiki sawasawa, na kona ikilowa huvimba isirudi tena. Kabati la namna hiyo linahama nyumba mara moja, kwa shida mara mbili. Nchini Marekani, hesabu za shirika la serikali la mazingira, EPA, zinaonyesha kwamba fanicha na mapambo yaliyoishia kuwa taka mwaka 1960 yalikuwa tani milioni 2.2; mwaka 2018 yalikuwa tani milioni 12.1, na kama asilimia 80 yalizikwa dampo. Idadi ya watu haikupanda kwa kasi hiyo. Vitu ndivyo vilivyofupishiwa maisha.

Halafu kuna harufu ya kabati jipya, ile ambayo wengine huifurahia kama dalili ya upya. Mara nyingi ni fomaldehaidi inayotoka kwenye gundi, na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Si sababu ya kukimbia nyumba. Zipo mbao zenye gundi isiyotoa fomaldehaidi nyingi, na madirisha yakiachwa wazi wiki za mwanzo hewa hubadilika. Lakini urembo wenye sumu una historia ndefu. Kijani kilichopendwa mno kwenye karatasi za ukutani za karne ya 19 kilitokana na rangi ya aseniki aliyoibuni mkemia Carl Wilhelm Scheele mwaka 1775. William Morris, mbunifu wa Uingereza ambaye karatasi zake za maua na majani zimerudi kwa kishindo sasa watu walipochoka na kuta tupu, aliziuza karatasi zenye kijani cha aina hiyo, na familia yake ilikuwa na hisa katika mgodi uliotoa aseniki. Ndiye huyohuyo aliyeshauri watu wasiweke ndani ya nyumba kitu wasichojua kuwa kina faida wala kuamini kuwa ni kizuri. Ushauri bado ni mzuri. Ningeongeza tu: ulizia na gundi.

Jikoni ndiko mkanganyiko huu wa majibu na maswali ulikokomaa zaidi. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu wa Austria, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za umma zilizokuwa zikijengwa mjini Frankfurt. Nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa kama mita 1.9 kwa 3.4. Rangi haikuwa jambo lake la kwanza. Alianza na saa na hatua: mtu anatoka wapi kwenda wapi, mara ngapi, akiwa ameshika nini. Akajifunza kutoka kwa vipimo vya kazi za viwandani na kutoka majiko ya mabehewa ya treni, ambamo mpishi hufikia kila kitu bila kupiga hatua tatu. Akaweka taa inayoteleza kwenye reli darini. Akaweka stuli ya kuzunguka, kwa kuwa kukatakata hakuhitaji kusimama. Droo za vyakula vikavu zilikuwa za alumini zenye mdomo wa kumiminia, lakini ya unga aliifanya ya mwaloni, kwa sababu mwaloni una dawa asilia isiyopendwa na wadudu. Hata ile buluu ya makabati ilikuwa na hoja: iliaminika kwamba nzi huikwepa. Majiko kama hayo yapatayo 10,000 yalijengwa, na makabati yote ya kujengewa tunayoyachagua leo kwa katalogi yana damu yake.

Jiko hilo lilikuwa na dosari kubwa. Lilimtosha mtu mmoja. Wakosoaji wa baadaye walisema, na sidhani walikosea, kwamba lilimfungia mwanamke kwenye kabati safi lenye mpangilio. Kubomoa ukuta kati ya jiko na sebule lilikuwa jibu la haki kwa malalamiko hayo: anayepika awaone watoto, asikie mazungumzo, asaidiwe. Naliheshimu jibu hilo. Ila lilikuja na bili yake. Mvuke hukaa kwenye mapazia, kelele za sufuria huingia kwenye simu ya mtu mwingine, na sinki lenye vyombo huwa mgeni wa kudumu sebuleni. Tuliivumilia bili hiyo kwa sababu mchana nyumba ilikuwa tupu. Kisha ukaja mwaka 2020, watu wakafungiwa ndani, na chumba kimoja kikatakiwa kiwe ofisi, darasa, jiko na mahali pa kulia.

Kwa hiyo kuta zinarudi, na mimi nafurahi. Zinarudi kwa adabu: vioo vyenye fremu nyembamba nyeusi, milango ya kuteleza, rafu inayogawa chumba, pazia zito. Hizo ni dalili za watu waliokaa wakauliza tena swali. Lakini kwa wenye uwezo umezuka mtindo mwingine unaonichekesha: jiko la pili nyuma ya jiko la kwanza. La mbele lina marumaru, taa za kuning'inia na bakuli moja la matunda. La nyuma, lenye mlango, ndilo lenye moto, takataka na masufuria. Yaani baada ya karne nzima ya kubishana, tumelitoa jiko hadharani, kisha tukajenga lingine la kujificha ili lile la hadharani lisichafuke. Schütte-Lihotzky angehesabu hatua kati ya hayo mawili akakuonyesha saa yake.

Na ile meza kubwa ya katikati, ile waiitayo kisiwa? Kinafaa kama pande zake zote pamebaki karibu mita moja ya kupita na kufungulia oveni. Pasipobaki, si kisiwa tena, ni kizuizi cha barabarani.

Kuna mitindo ambayo hukumu yake haihitaji maneno mengi. Chokaa ni mmojawapo. Kuta zenye mawingumawingu ya brashi zinapendwa kila mahali, na zinastahili. Chokaa halisi ikipakwa hunyonya kaboni dioksidi kutoka hewani na kugeuka tena jiwe. Huuruhusu unyevu wa ukuta utoke, na ukali wake wa alkali huwanyima kuvu makazi. Kinachouzwa katika makopo mengi kwa jina hilo ni rangi ya plastiki iliyofundishwa kuiga mawingu hayo. Hiyo huuziba ukuta. Kwenye ukuta mkavu haina neno; kwenye ukuta wenye unyevu umelipia sura ya dawa ukapaka ugonjwa. Na chokaa halisi nayo haishiki juu ya ukuta uliokwisha pakwa rangi ya plastiki, kwa hiyo muulize fundi kabla hujakunja mikono ya shati.

Vipapi vya mbao vilivyosimamishwa ukutani ni hadithi hiyohiyo. Asili ya vile vilivyosifika ni kutuliza mwangwi: sauti hupita kwenye nafasi kati ya kipapi na kipapi, ikanaswa na kitambaa kizito kilichoko nyuma. Ondoa kile cha nyuma, bandika vya plastiki moja kwa moja, na umebaki na ukuta wenye mistari. Chumba chenye vigae sakafuni, kioo dirishani na dari tupu kitaendelea kuita kama kisima. Zulia nene na pazia linalofika chini vitakisaidia zaidi.

Mimea nayo imebebeshwa mzigo usio wake. Mwaka 1989 utafiti uliohusishwa na NASA ulionyesha kwamba mimea ya chungu inaweza kupunguza baadhi ya kemikali hewani, ndani ya visanduku vilivyozibwa. Nyumba si kisanduku kilichozibwa. Mapitio ya kisayansi yaliyotoka mwaka 2019 yalikokotoa kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa tayari na hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo, ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Fungua dirisha. Lakini mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha matokeo ya hospitali moja ya Pennsylvania: wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, ambao dirisha lao lilitazama miti, waliruhusiwa mapema zaidi na wakatumia dawa kali chache za maumivu kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Walikuwa wachache, 46 tu, na bado utafiti huo umebadilisha namna hospitali zinavyojengwa. Mmea wako wa sebuleni unafanya kazi kupitia macho. Uweke unapoonekana kutoka unapoketi, badala ya kuusukumia kona iliyobaki tupu.

Nimeacha mwanga nyuma kwa makusudi, maana ndio mtindo wa sasa ninaoupenda bila masharti. Watu wamegeuka dhidi ya ile taa moja kubwa ya katikati ya dari. Badala yake wanaweka taa ndogo tatu au nne, za mezani, za pembeni, za kuchaji, kila moja ikiangaza mahali panapotumika. Hilo limezaliwa kwenye swali halisi: saa mbili usiku, katika chumba hiki, nani anafanya nini?

Nikiri kosa langu hapa. Nilipohamia nyumba ninayoishi nilinunua balbu zote za sebuleni zenye maandishi 6500K, nikidhani namba kubwa ni ubora mkubwa, kama ilivyo kwa mambo mengi yanayouzwa kwa namba. Kwa miezi kadhaa tulikaa kama tunasubiri kuitwa kwa daktari. Wageni waliondoka mapema na mimi nikawalaumu wao. Namba hiyo ni ya kelvini, nayo hupima aina ya weupe: 2700 hivi ni mwanga wa manjano kama wa balbu za zamani, 4000 uko katikati, 6500 ni wa anga la mchana lenye ubuluu. Mwanga wenye buluu nyingi jioni huuambia mwili kwamba bado mchana na kuchelewesha homoni ya usingizi. Haikuwa hivyo tulipokuwa na balbu za waya unaowaka, kwani zilikuwa na rangi moja tu. Uchaguzi huu tumeletewa na LED, hasa baada ya ile ya buluu ambayo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Ufumbuzi mkubwa, na uliotuachia kazi ya kusoma boksi. Kwenye boksi hilohilo tafuta namba nyingine, CRI, inayoonyesha jinsi rangi za vitu zitakavyoonekana chini ya taa hiyo. Ikivuka 90, ngozi za watu zinarudi kuwa ngozi na ile kahawia uliyoihangaikia inaonekana kahawia. Ikiwa 80 au chini, unaweza kubadilisha rangi ya ukuta mara tatu bila kujua kwamba mkosaji alikuwa balbu.

Ndiyo maana nikiombwa mfano wa kuiga, huwa siendi kwenye kurasa za mwaka huu. Naenda Finland, kwenye hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, iliyokamilika mwaka 1933 kwa michoro ya msanifu Alvar Aalto. Ilikuwa nyeupe nje kama majengo mengine ya wakati wake. Lakini Aalto alifikiri kutoka kitandani. Mgonjwa hapa, alisema moyoni au kwa penseli, ni mtu aliyelala chali siku nzima. Ukuta wake mkuu ni dari. Dari za vyumba vya wagonjwa zikapakwa kijani tulivu, na taa zikawekwa mahali ambapo hazimpigi machoni. Viti akavitengeneza kwa mbao iliyopindwa badala ya mabomba ya chuma yaliyokuwa yakivuma miaka ile, kwa kuwa chuma ni baridi kwa mtu mwenye homa. Vyumba vilikuwa vya watu wawili, na kila mmoja alikuwa na beseni lake la kunawia, lenye mwinamo uliopimwa ili maji yakianguka yasipige kelele, mwenzake asiamke. Picha za beseni hilo ni nyingi. Linaonekana beseni jeupe la kawaida, na bomba juu yake.